Unga uliotupitishia juu ya mabati

Makina, Kibera
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sote tu wazima, ila mama mkwe magoti bado yanamsumbua. Natumai nanyi huko Nakuru hamjambo.

Jana usiku vijana wa mtaa walituonyesha filamu ya zile ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008. Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule, wakawasha jenereta, na watu wakaja na viti vyao, wengine na ndoo za kukalia. Nilikuwa nimeapa siendi. Binti yangu ndiye aliyenishika mkono.

Mengi yaliyoonyeshwa unayajua. Soko la Toi likiteketea. Vijana waking'oa reli ya kwenda Uganda hapa hapa kwetu, na kule Uganda watu wakihangaikia petroli. Kofi Annan, aliyekuja kupatanisha, na ule mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari. Ikasemwa waliouawa walizidi 1,100, na waliokimbia makwao walizidi 600,000. Watu walitazama kimya. Hizo tumezisikia redioni miaka yote. Kilichonivunja mimi ni mama mmoja aliyekuwa akipima unga kwa glasi. Aliusawazisha kwa kisu, akautazama, kisha akachota kijiko kimoja akakirudisha kwenye pakiti. Kijiko kimoja!

Ilipokwisha hakuna aliyetaka kusema. Halafu mtoto wa gredi ya sita akauliza, "Sasa nyinyi mlikuwa mnakula nini?"

Basi hapo ndimi zikafunguka. Huyu alichemsha sukuma wiki kwa chumvi tupu, bila mafuta. Yule alitembea hadi mjini kutafuta maziwa, matatu hazipo, akarudi mikono mitupu. Mzee mmoja mwenye duka alisema alikuwa akiuza usiku dirishani, taa imezimwa, na waliokuja kununua ni majirani walioonywa wasinunue kwake. Hakuwataja majina, hata jana.

Nami nikasimama. Nikasema nilikula unga wa jirani yangu.

Unakumbuka ile Jumapili ya tarehe 30 Desemba 2007? Kibaki ametangazwa mshindi wa urais, jua linazama anaapishwa, na kelele zinaanza huko chini. Ulinipitishia nusu pakiti juu ya mabati, umeifunga kwenye leso, ukaniambia, "Wapikie watoto, sisi tutajua mbele." Alfajiri mkaondoka kwenda kujihifadhi kwenye uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, mwanao mdogo mgongoni, kwa sababu ya jina la ukoo wenu tu. Nilikusikia ukifunga komeo. Sikutoka.

Ugali ule tulikula siku tatu. Na kutoka hapa hadi Jamhuri ni mwendo wa miguu, rafiki yangu. Mwanzoni niliogopa njia. Baadaye njia ikafunguka, nami nikawa naona haya kuja mikono mitupu. Uliponipigia simu tukasalimiana, nikasema tuko sawa, ukasema mko sawa. Miaka yote hii sijawahi kukuuliza mlilala juu ya nini, wala nani aliugua, wala ulipata wapi chakula cha wale watoto baada ya kunipa mimi chako. Naomba unisamehe. Nimeyasema mbele ya watu kabla ya kukwambia wewe, na hilo pia linaniuma.

Kwa hiyo nakuuliza sasa. Niandikie, hata kama ni mistari miwili. Vijana wanasema wataonyesha tena mwezi ujao na wanatafuta mtu aliyekaa Jamhuri azungumze baada ya filamu. Walinitazama mimi, nikawaambia mwenyewe yupo, siwezi kumsemea. Ukikubali kuja, nauli nitakutumia kwa M-Pesa, na utalala kwangu. Usipotaka kuzungumza, njoo tu tukae.

Cherehani yako ingali hapa, chini ya dirisha, nimeifunika kwa leso ile ile. Juzi niliitia mafuta. Gurudumu linazunguka vizuri, ila mkanda umekatika. Nitanunua mwingine kabla hujafika.

Wako,
Jirani yako wa Makina