Barua kwa wanangu mnaosoma umeme VETA Chang'ombe

Wanangu, salamu. Mimi ni fundi umeme mstaafu, nyumba nilizofunga waya hapa Dar ni nyingi, na nawaandikia kwa sababu mkitoka hapo chuoni mnaenda fildi, yaani mafunzo ya kazini, na kule saiti ndiko ufundi unakoharibikia.

Darasani mnafundishwa kupima kabla ya kuwasha. Mkifika saiti fundi mkuu atakwambia dogo tunachelewa, bosi anataka taa iwake leo, washa tu. Ukiwasha inawaka kweli, bosi anafurahi, hela inatoka, na wewe unaanza kuamini kwamba vile vipimo vilikuwa mambo ya mtihani. Hapo ndipo naomba mnisikilize.

Taa kuwaka sio ushahidi wa kazi nzuri. Nyumba isiyo na ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, taa zake zinawaka vizuri tu, friji linagandisha, pampu inavuta maji, hakuna anayejua kitu mpaka siku waya uchubuke ndani ya friji uguse bodi lake la chuma, breka isikate maana umeme hauna njia ya kurudi, na mtoto atoke kuoga miguu mibichi ashike mlango wa friji. Volti 230 hazimuonei mtu huruma wanangu.

Nimeona nyumba ule waya wa kijani na njano umefika kwenye soketi zote, umefungwa vizuri kabisa, ukiufuata mpaka nje unakuta umekatwa kwenye ukuta, nondo ya ethi, ile inayochimbiwa ardhini, haipo. Mtu aliokoa hela ya nondo moja! Na hata ikiwepo bado upime, hasa maeneo ya mchanga mkavu, maana nondo hiyohiyo inaweza kusoma vizuri masika na ikasoma vibaya kiangazi. Tena msidanganyike na kile kitufe cha T kwenye RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, kinakuonyesha kifaa chenyewe kinakata, hakikwambii kama ethi ya nyumba ipo. Waya nao pimeni insulesheni, yaani ile ganda linalozuia umeme usivuje, ikisoma chini ya megaomu 1 usiwashe, tafuta tatizo liko wapi hata kama usiku umeingia.

Ngazi za mafunzo ya VETA someni mpaka ya tatu mkiweza, najua ada na nauli zinabana na wengi mnatamani kuanza kazi mkiwa na ya kwanza tu. Ila kumbukeni leseni ya kufunga umeme inatoka EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na ukiomba umeme TANESCO lazima mkandarasi mwenye leseni aithibitishe kazi. Msije mkawa watu wa kununua muhuri wa mtu ambaye hata nyumba hajaiona, maana huo mtindo upo na unaua.

Na nyie mabinti mliochagua umeme, saiti watawatuma maji na chakula. Kataeni kwa adabu, ombeni kipimo.

Sasa kabla hamjaenda fildi mwambieni mwalimu kila mmoja ashike mega, kile kipimo cha insulesheni, mwenyewe, afunge nyaya zake, asome namba na aiandike kwa mkono wake, sio mmoja apime halafu kumi wanakopi. Mkifanya hivo wiki hii itakuwa vizuri zaidi.