Nishani zishuke mpaka stoo

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kila nikiona sherehe ya kuwavisha nishani makamanda najiuliza, hivi yule sajini wa stoo yuko wapi? Maana jenerali anasifiwa kwa matumizi mazuri ya rasilimali, sawa, anastahili, mambo yakiharibika yeye ndo anabeba lawama, ila aliyekaa na leja anahesabu matairi na spea moja moja, akagoma kusaini mafuta ambayo hayajafika, huyo hata kiti cha nyuma hapati. Uingereza tangu 1856 wana nishani ya Victoria Cross, haibagui cheo, lakini hiyo ni ya ushujaa mbele ya adui. Ya kubana matumizi je? Vita ya Ghuba 1991 Jenerali William Pagonis wa Marekani alipandishwa cheo kwa kazi ya ugavi na usafirishaji, sio risasi. Basi wakisoma wasifu wa mkubwa pale kwenye gwaride watutajie kaokoa lita ngapi, magari mangapi mabovu yamerudi barabarani, "usimamizi bora" peke yake haitoshi. Na gwaride lenyewe lifupishwe, askari wanaanguka juani jamani.

Msomaji wako wa kila siku