Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Chuo kikifungwa tena, somo lisisimame

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Shikamoo.

Jumatano ya tarehe 18 Machi 2020 nilikuwa mwaka wa pili, chuo kimojawapo hapa Dodoma, nikiwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, la watu 212. Siku mbili kabla, mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini alikuwa ametangazwa Arusha. Jumanne Waziri Mkuu akafunga shule, Jumatano ikawa zamu ya vyuo. Kufika jioni stendi ilikuwa imejaa magodoro na ndoo. Hakuna mhadhiri aliyetupa kazi ya kwenda nayo nyumbani, wala sisi hatukuiomba, maana tuliambiwa ni siku 30. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Hesabu yake ni siku 75.

Sina neno na uamuzi wa kufunga. Ugonjwa ulikuwa mgeni na kila nchi ilikuwa inapapasa. Ninachokuandikia ni yale yaliyoyapata masomo katika siku hizo 75.

Kwetu ni Uvinza, Kigoma. Wakati ule mtandao kijijini ulikuwa unashika sehemu moja, kilimani, chini ya mwembe wa shule ya msingi. Kila asubuhi nilipanda pale na simu yangu nione kama kuna tangazo lolote la darasa. Kati ya wenzangu 212, waliokuwa kwenye kundi letu la WhatsApp hawakufika 150. Wengine walikuwa na vitochi, simu ndogo zisizo na WhatsApp. Mwezi Aprili mhadhiri mmoja, naye namshukuru kwa kujaribu, alitutumia faili la slaidi la megabaiti 60. Kulipakua kulimaliza bando langu la wiki. Nikawapigia wenye vitochi mmoja mmoja, nikawasomea slaidi, wao wakaandika kwenye daftari. Niliweza kuwafikia tisa, kisha salio nalo likaisha. Kwa masomo mengine matano hatukupokea hata mstari mmoja.

Kijana aliyekuwa akitufundisha hesabu sisi wengine usiku, yule ambaye darasa zima lilimtegemea kabla ya kila mtihani, aliingia kwenye biashara ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi ili asikae bure. Chuo kilipofunguliwa hakurudi. Nilimpigia mara nyingi. Alikuwa na majibu mazuri, kwamba mama yake anamtegemea, kwamba atarudi mwakani. Naamini angekuwa na kitu cha kusoma kila wiki, kitu kidogo tu cha kumfanya ajione bado ni mwanafunzi, angepanda treni pamoja nasi.

Tuliorudi tulikuta ratiba imebanwa. Vipindi vilikwenda hadi saa mbili usiku na Jumamosi nzima, mada za wiki tatu zikimalizwa kwa siku nne. Koswaki, yaani maksi za kazi za muhula, ikapatikana kwa jaribio moja la haraka, UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikafika, na darasa letu likavuna sapu, mitihani ya kurudia, ambazo halijawahi kuwa nazo. Cheti changu ninacho, lakini zipo mada za mwaka ule ambazo nilikuja kuzielewa baadaye, nilipotakiwa kuzifundisha.

Ndiyo, Mheshimiwa, siku hizi mimi ndiye ninayesimama mbele. Ni mhadhiri msaidizi, nafundisha takwimu kwa wanafunzi zaidi ya 400 kwenye ukumbi mmoja. Ndiyo sababu ya barua hii: chuo kikifungwa kesho, wanafunzi wangu wataondoka na magodoro na ndoo kama sisi. Noti zao bado zinakaa steshenari ya nje ya geti. Mhadhiri anaacha handauti pale, wao wanatoa kopi. Geti likifungwa, steshenari nayo imefungwa. Mfumo wa kujifunzia mtandaoni tunao, lakini ukifungua kozi nyingi utakuta mpangilio wa mada na orodha ya maksi, basi. Na pale ambapo noti zimewekwa, mara nyingi ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu. Mwanafunzi wangu asiyeona ana programu ya kumsomea maandishi, nayo mbele ya picha hizo inanyamaza.

Kufungwa tena si jambo la kufikirika. Machi 2023 homa ya Marburg ilitangazwa Kagera, na Januari 2025 ikarudi mkoa huohuo, Biharamulo. Safari zote mbili wataalamu wetu wa afya waliidhibiti, na wanastahili heshima. Lakini Kagera hiyo ndiko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakojenga kampasi. Siku mkoa mmoja ukilazimika kusimamisha mikusanyiko, wanafunzi wake watasoma wapi?

Najua jibu litakalotangulia: mtandao. Mtandao ni sehemu ya jibu, nami siutupi. Ila Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilionja kukaa na intaneti ya kusuasua. Na kule chini ya mwembe wa Uvinza hata nyaya zikiwa nzima, bando halinunuliki kwa mtoto wa mkulima ambaye boom, fedha ya kujikimu ya mkopo, limeshaisha.

Ninachoomba kwanza ni kila kozi iwe na kifurushi. Namaanisha noti kamili zilizoandikwa vizuri, sauti ya mhadhiri akieleza kila mada, mazoezi yenye majibu, na mitihani ya miaka iliyopita; vyote viingie kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu ya simu. Nasema sauti kwa makusudi, kwa sababu saa moja ya sauti ni faili dogo sana ukilinganisha na video, na inasikika hata kwenye simu ya bei ya chini yenye sehemu ya kadi. Tume ya Vyuo Vikuu isiidhinishe programu wala kuihuisha bila kuona vifurushi hivyo. Wahadhiri tutalalamika kwamba ni kazi nzito, na kweli ni nzito. Basi ihesabiwe kwenye kupanda vyeo kama makala za utafiti zinavyohesabiwa, na tutaifanya. Serikali imekopa dola milioni 425 Benki ya Dunia kwa mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, na majengo yake tunayaona yakiinuka. Kutengeneza vifurushi hakuhitaji saruji.

Pili, Chuo Kikuu Huria. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikazinduliwa 1994, na kina vituo katika mikoa yote. Miaka zaidi ya 30 kimekuwa kikifundisha watu wasioweza kuja darasani: walimu, askari, manesi, akina mama wenye watoto wachanga. Uzoefu ambao vyuo vingine tuliutafuta kwa kuhangaika mwaka 2020 ulikuwa umekaa Kinondoni muda wote. Naomba ufanyike utaratibu rasmi, uliotiwa saini sasa tukiwa salama, kwamba chuo chochote kikifungwa mwanafunzi wake ana haki ya kwenda kituo cha Huria cha mkoa alipo, kwa zamu ikibidi, akapokee kifurushi, atumie kompyuta, akabidhi kazi zake. Mimi ningekwenda Kigoma mjini mara moja kwa mwezi. Yule wa Kibirizi angefika akitokea mwaloni.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote nao ukae na kampuni za simu, kurasa za masomo za vyuo zifunguke bila kukata bando. Kwa udaktari, uhandisi na fani zote za maabara nakiri kifurushi hakitoshi, kwa hiyo kalenda zao zipange vitendo mapema ndani ya muhula, nadharia ibaki kuwa ndiyo inayoweza kusubiri nyumbani.

Na haya yote yajaribiwe kabla hayajahitajika. Kila mwaka chuo kichague wiki moja, wanafunzi wasiingie ukumbini, wasome kwa vifurushi na vituo peke yake, kisha tuhesabu: nani alifikiwa, nani hakufikiwa, na kwa nini. Naliombea darasa langu liwe la kwanza. Kifurushi cha muhula wa kwanza nimeshakirekodi, sauti za mada 12, usiku, kwa simu yangu, majirani wakiwa wamelala. Nitakileta wizarani, Mtumba, siku yoyote ofisi yako itakayonipangia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhadhiri msaidizi,
Dodoma