Kwa vijana wetu wa Cedar Rapids, Marekani, wanaocheza mpira wa Kimarekani

Wanangu,

Ijumaa iliyopita nilikuja uwanjani kuwatazama. Mchezo ukiendelea, mama mmoja akaingia na sare yake ya kiwanda cha nyama, amekuja kumwona mwanawe japo kidogo kabla ya zamu ya usiku. Wawili wenu mkamcheka. Mwanawe, ambaye msimu huu ni kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wa akiba, akainamisha kichwa kama asiyemjua. Tangu siku ile silali vizuri.

Mnacheka kazi ya usiku, na mnakulia mji uleule alikokulia Kurt Warner, kwotabeki aliyekuja kuwa bingwa! Pale Chuo Kikuu cha Northern Iowa alisugua benchi mpaka mwaka wake wa mwisho. Mwaka 1994 hakuna timu ya NFL, ligi kuu ya mpira huu, iliyomchagua. Green Bay Packers walimjaribu, wakamrudisha nyumbani kabla msimu haujaanza. Akaenda kupanga bidhaa kwenye rafu za duka la Hy-Vee kwa dola 5.50 kwa saa. Usiku, wanangu. Saa zilezile mama zenu wanapokata nyama ili ninyi mpate viatu vya mpira.

Mpira hakuuacha. Alicheza ule wa ukumbini hapo Des Moines, na mwaka 1998 akavuka bahari kuchezea Amsterdam. Mwaka 1999 Trent Green, kwotabeki wa St. Louis Rams, aliumia goti kabla ya msimu. Akaitwa mtu wa benchi, umri miaka 28. Warner akarusha pasi 41 za tachidauni, yaani za kufunga, akawa mchezaji bora wa ligi, na Januari 2000 Rams wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi, 23 kwa 16 dhidi ya Tennessee Titans. Pasi zake siku ile zilifika yadi 414, rekodi ya fainali hiyo wakati ule. Miaka michache baadaye New York Giants walimweka benchi tena ampishe kijana Eli Manning. Akaenda Arizona, akaanza upya.

Mengine mnayajua: someni, msibishane na kocha, na kichwa kikigongwa semeni, msifiche.

Nasi wazazi tusijitoe. Harusini mwenye gari jipya tunampa kiti cha mbele, aliyetoka zamu anatafuta pa kukaa mwenyewe. Watoto wanatuona. Tumesahau miaka tuliyosubiri kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mkono mtupu, na hakuna aliyemcheka mwenzake kwa kubeba kuni.

Ijumaa ijayo yule mama atakuja. Ninyi wawili, mnajijua, simameni mumwamkie shikamoo, mumpe nafasi ya mbele. Na wewe mwanangu wa akiba, kabla hajaondoka kwenda kazini, mkimbilie na helmeti yako mkononi, umshike mkono, uwaambie wenzako wote: huyu ni mama yangu.

Mzee wenu