Barua ya wazi kwa wanaowasingizia wahenga

Wajukuu zangu, na nyie wanangu wenye mvi mnaojificha nyuma yao,

Haya mzazi hawezi kuwaandikia. Katika makabila mengi ya Afrika baba na binti hawazungumzi habari za kitandani; waliachiwa bibi, babu, shangazi na kungwi. Kwa Baganda wa Uganda ni ssenga, dada wa baba, anayemfunda msichana. Kwa hiyo bibi akisema, msinune. Ndiyo nafasi yake.

Nawasikia mkibishana. Wengine mnasema wahenga waliishi kwa usafi mtupu, uchafu wote umekuja na wageni. Wengine, hasa wapenda michepuko, mnasema Mwafrika hakuumbwa kwa mke mmoja na habari ya uaminifu ni ya wamisionari. Nyote mnawasingizia marehemu.

Dini zetu za jadi hazikuamini kwamba tendo hili ni la watu wawili na chumba chao. Mizimu ilikuwapo, ardhi ilikuwapo, ukoo ulikuwapo. Kwa Waasante wa Ghana, watu wakilala pamoja porini walikuwa wamemkosea Asase Yaa, ardhi yenyewe, na mnyama alichinjwa ili kumtuliza. Waigbo wa Nigeria walihesabu kulala na ndugu wa damu kuwa chukizo mbele ya Ala, mungu wao wa ardhi, na bila utakaso kijiji kizima kilingoja balaa.

Lakini mimi wanaonivutia zaidi ni Wabemba wa Zambia. Kwao mume na mke wakishakutana wanabaki na joto la hatari, na mwenye joto hilo akigusa moto wa jiko, atakayekula chakula kilichopikwa hapo, hasa mtoto mchanga, yuko mashakani. Dawa ilikuwa chombo, yaani chungu kidogo cha udongo, ambacho mke alipewa na watu wake alipoolewa. Maji ya chungu hicho waliyatumia wawili hao tu, kutakasana. Sasa fikirini juu ya mzinzi. Hana chungu. Anarudi nyumbani na joto lake, anasogea jikoni, anambeba mwanawe. Hakuhitaji askari wala fumanizi. Hofu ilikaa kwenye mafiga ya nyumba yake mwenyewe. Muamini msiamini habari za moto, oneni alipowekwa mtoto katika hesabu ile. Ninyi mkichepuka, mnamhesabu?

Na wewe unayetaja mitala. Mwenye wake wengi alimlipia kila mmoja mahari, akampa nyumba na shamba, na watoto wote walijua kaburi la babu yao. Huyo wako wa pembeni umempa nini zaidi ya namba ya simu uliyoiandika kwa jina la fundi? Kwa Wamaasai, binti wa mtu wa rika lako ni binti yako, marufuku kumgusa, awe mrembo vipi. Mila hiyo sijawahi kusikia mzee mwenye gari zuri akiitaja.

Hata hivyo sitawapamba wahenga. Mizani yao iliinamia upande mmoja. Mara nyingi uzinzi ulikuwa kosa la kumchukua mke wa mtu. Mume akitembea na asiyeolewa, nani aliitisha kikao? Kwa Baganda, maradhi ya uzazi waliyoyaita amakiro yalidaiwa kutokana na zinaa wakati wa mimba, hivyo mama aliyehitaji msaada alitafutiwa kwanza dhambi. Hilo nimelikataa tangu ujana wangu, na sioni aibu kulikataa mbele ya mizimu.

Wajaluo wana chira, kukonda na kudhoofika kunakompata aliyevunja miiko. UKIMWI ulipoingia, uligunduliwa Kenya mwaka 1984, wengi walioanza kukonda walisemwa wana chira, wakapewa manyasi, dawa ya mitishamba ya chira, badala ya kupelekwa kupimwa. Imani iliyowekwa kulinda nyumba ikaificha hatari iliyokuwa ndani ya nyumba.

Nawasihi kuhusu wajane, kwa sababu hapo ndipo mila inapotajwa kwa sauti kubwa zaidi. Kumrithi mjane kulimaanisha shemeji abebe mzigo: alime, ajenge, alee watoto kwa jina la marehemu. Siku hizi kuna mahali analetwa mwanamume wa kukodiwa alale naye usiku, asubuhi anaondoka na ujira wake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 dhidi ya ukatili wa majumbani imetaja kumlazimisha mjane kurithiwa, na kumtakasa kwa njia hiyo, kuwa ukatili. Mimi naiunga mkono. Kama kuna mjane katika ukoo wenu, muulizeni yeye anataka nini, mkiwa mmekaa na wanawake wenzake, wala shemeji zake wasiwepo. Akisema hataki, kikao kimeisha. Shamba na nyumba vibaki mikononi mwake, na karo ya watoto mgawane.

Ni mimi bibi yenu.