Mtuachie pilau la Iddi, tuangalie kikombe cha chai

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila Iddi na Krismasi ikikaribia magazeti yanajaa ushauri, jamani mle kwa kiasi, nyama isizidi, pilau lisizidi, na nyie nawasoma miaka yote mnaandika hivyo hivyo. Mi naona tunamkamata mtu siye.

Mama yangu aligundulika na sukari mwaka jana. Daktari akamwambia apunguze vitu vitamu, mama akapunguza shughuli! Harusi haendi, hitma haendi, hata mtoto wa mdogo wake kaolewa yeye kabaki nyumbani anaogopa sinia la pilau. Sasa shughuli zenyewe kwa mwaka alikuwa anaenda nne au tano, basi. Chai je? Asubuhi na vitumbua, saa kumi jioni, tena baada ya isha, kila siku ya Mungu, na kila nikimuuliza anasema mwanangu mbona naweka kidogo tu.

Nikamtengea kopo lake la sukari peke yake nikamwekea nusu kilo. Siku ya tisa asubuhi nasikia kijiko kinakwangua bati. Yaani ni zaidi ya gramu 55 kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 50, na akishuka chini ya 25 ndo bora zaidi, na hapo sijahesabu sukari ya kwenye vitumbua wala soda ya mchana ambayo chupa moja tu inapita gramu 30. Sisemi chai ndo imemletea ugonjwa, kwao wenye sukari wapo wengi, ila hiyo "kidogo tu" hakuna aliyeiona, wote tulikuwa tunalitazama sinia.

Naomba Mhariri muandike na siku za kawaida, Jumanne hivi ambayo hakuna sherehe yoyote. Andikeni mafuta ya kupikia mboga, maana kijiko kimoja kikubwa tu ni kama kalori 120 na sisi tunamimina kwa macho, andikeni chumvi ya kuongezea mezani na andazi la pili ambalo mtu analila hata njaa hana.

Mama sasa hivi yupo kijiko kimoja kwa kikombe, ananung'unika lakini anakunywa. Mwezi ujao binamu yangu anaoa, tumekubaliana atakula wali kiasi na kachumbari nyingi, na dera lake jipya liko kwa fundi.

Msomaji wenu,
Tanga