Kwa vijana wa viazi wa Uporoto: mizani peke yake haitoshi

Wajukuu zangu mnaolima viazi kuanzia Isyonje hadi huko juu Uporoto, salamu.

Nimesikia mnaandaa mkutano kuhusu lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, na dai lenu ni moja: viazi vipimwe kwa kilo. Nawaunga mkono. Sheria ya Vipimo imeshasema gunia lisizidi kilo 100. Ila mwenzenu mmoja alinipitia nyumbani akaniambia, "Babu, mizani ikikubalika, unyonyaji umekwisha. Hayo ya ubepari na ujamaa ni mambo ya enzi za TANU." Hapo ndipo nikaona niwaandikie wote.

Lumbesa mnaijua kuliko mimi. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linaongezewa kichwa kinachofumwa kwa kamba mpaka viazi vinachungulia nje. Wapakiaji wawili likiwashinda, anaitwa wa tatu. Bei mliyopatana ni ya gunia. Kichwa hakina bei. Na ushuru ukitozwa kwa gunia, nauli ya lori nayo kwa gunia, mnunuzi anayepakia gunia dogo anajiumiza mwenyewe. Akijifanya mwema leo, kesho mwenzake mwenye magunia manene atamshinda bei Dar es Salaam na kumtoa sokoni. Kwa hiyo acheni kupoteza pumzi kumtukana dalali. Wajamaa walilisema hili mapema: mtu anaweza kuwa mcha Mungu kabisa, na bado ushindani ukamlazimisha kukukamua.

Karl Marx, yule Mjerumani aliyefia London mwaka 1883, wala hakudai kwamba bepari lazima aibe kwenye mizani. Hoja yake ilikuwa nzito zaidi: hata kila kitu kikiuzwa kwa bei yake halali, bado kuna kinachochukuliwa bure. Mchukulieni kibarua wa shamba la chai, iwe Rungwe au Mufindi. Majani yake yanapimwa kwa kilo, na tuseme mizani ni sahihi. Alichouza ni nguvu zake za siku nzima. Anacholipwa ni cha kumwezesha kula, kulala na kurudi kesho. Thamani ya ujira huo huenda ameshairudisha kabla jua halijafika utosini. Kazi ya saa zilizobaki ndiyo kichwa cha gunia lake, na huyu hakioni kwa macho. Marx alikiita thamani ya ziada, na chai ya leo inachumwa kwa hesabu hiyohiyo.

Kwenu nyinyi mizani italeta haki ya kilo, lakini haitawapa sauti kwenye bei. Kiazi kikishachimbwa kinaanza kuharibika, huku mwenye lori anaweza kulala gesti akisubiri mshushe bei. Aliyewakodisha shamba anataka kodi yake. Duka la mbolea linadai. Ulizeni lori ni la nani, ghala ni la nani, ardhi ni ya nani, ndipo mtajua bei inapangwa na nani.

Najua mtakachonijibu: ujamaa tuliuona. Kweli tuliuona, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuliuona kwa karibu. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma vijiji vya ujamaa, aliuawa kule Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971, walipogombana shambani na mkulima Said Mwamwindi. Miaka miwili kabla yake, wakulima wa Ruvuma waliokuwa wameanzisha vijiji vya ujamaa kwa hiari yao, Litowa na kwingineko, chama chao kilipigwa marufuku. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mamlaka za mazao za serikali zikaingia. Mkulima alibadilishiwa dalali tu. Huyu mpya alikuja na mhuri.

Wahukumuni walioendesha mambo hayo, ni haki yenu. Lakini hukumu hiyo haisemi nani anaondoka na kichwa cha gunia leo. Na tangu viongozi wa CCM waruhusiwe na kikao cha chama kule Zanzibar, mwaka 1991, kuwa na hisa na nyumba za kupangisha, waliokuwa na wajibu wa kuuliza swali hilo wamepata shughuli nyingine.

Basi mkikutana, msiishie kwenye mizani. Kiazi kilichokomaa kinavumilia ardhini wiki kadhaa. Hiyo ndiyo silaha yenu, mkipanga zamu za kuchimba na kukubaliana bei ya chini kabla jembe halijagusa tuta. Anayevunja makubaliano na kuuza usiku, mjue mapema mtamfanyaje. Lori la pamoja litakuja baadaye, msianze nalo.

Halafu kuna jambo ambalo sijasikia mkilitaja. Vibarua wenu wanaochimba mnawalipa kwa gunia. Gunia hilo mnalowahesabia lina kichwa au halina? Liwekeni kwenye ajenda, na waiteni wenyewe waje walizungumze, wakae mbele pamoja nanyi.

Babu yenu,
Tukuyu